Shema ya neuroni: nzuri kwa intero, mbaya kwa kufundisha

Bandugu, kila mtu aliyepita kwenye kozi ya biolojia anaijua ile shema. Mwili wa seli na dendriti zake kama mizizi, aksoni ndefu yenye vipande vya mielini, na mwishoni misuli. Tunaichora kwenye intero, tunaandika majina, tunapata pointi zetu, basi. Ni mchoro mzuri, sikatai. Lakini kwa kufundisha mfumo wa neva iko na kasoro, na moja ni kubwa.

Ile ndogo kwanza. Neuroni tunayochora ni ya aina moja tu, ile inayotoka uti wa mgongo kwenda kwa misuli. Huko nje mielini inatengenezwa na seli za Schwann, kila moja inazunguka kipande kimoja cha aksoni. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo kazi hiyo inafanywa na oligodendrositi, na moja inaweza kufunika vipande vya aksoni nyingi. Silabusi inasema hivyo kwa mstari mmoja chini ya picha, lakini mwanafunzi anakumbuka nini? Picha njo anakumbuka.

Kasoro kubwa: neuroni imechorwa peke yake. Inatoka mbali. Mwaka 1873 Camillo Golgi alipata njia ya kupaka seli rangi nyeusi kwa nitrati ya fedha, na dawa ile inashika seli chache tu kati ya nyingi. Ndiyo maana Santiago Ramón y Cajal aliweza kuona neuroni moja moja, wazi kabisa. (Waligawana Nobel mwaka 1906, na Golgi akaendelea kusema kwamba neva zote ni wavu mmoja!) Lakini Cajal mwenyewe alichora seli zikiwa pamoja, na mishale ya kuonyesha ujumbe unapita wapi. Sisi tumechukua seli, mishale tumeiacha.

Na hapa kwetu hiyo inagharimu. Fikiria konzo, ugonjwa wa Kahemba, unaotokana na mihogo michungu isiyolowekwa vizuri na chakula kisicho na protini ya kutosha. Unaumiza neuroni ya juu, ile inayoshuka kutoka ubongo hadi uti wa mgongo. Miguu inakakamaa, refleksi zinakuwa kali kupita kiasi. Polio yenyewe inaua neuroni ya chini: mguu unalegea, unakonda, refleksi zinapotea. Watoto wawili, wote hawatembei vizuri, na sababu ni tofauti kabisa. Kwenye shema ya neuroni moja, konzo haina hata mahali pa kuwekwa! Ongeza neuroni ya pili juu ya ile ya kwanza, mwanafunzi ataelewa mbele kozi iishe.

Tena, silabusi zingine bado zinaandika kwamba seli za glia ni mara kumi ya neuroni. Timu ya Suzana Herculano-Houzel, kule Brazil, ilitoa hesabu mwaka 2009: neuroni karibu miliari 86, seli zingine zote karibu miliari 85. Ni nusu kwa nusu, na hiyo nusu ya pili kwenye shema yetu haipo, isipokuwa ile Schwann.