Betri Ndiyo ya Mwisho

Fundi aliyekuja kubadilisha betri katika nyumba moja karibu na soko la Kwa Vonza alifika saa sita mchana, jua likichoma mabati. Hakugusa waya hata mmoja. Alimwomba mama mwenye nyumba azime friji na runinga, yeye akazima inveta, ndipo akashusha swichi ya paneli iliyofungwa ukutani. Betri aliifungua mwisho.

Mpangilio huo ndio kazi yenyewe. Wengi huanza na betri kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na hapo ndipo kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, huungua. Kontrola hutegemea betri kujua umeme uwe kiwango gani. Betri ikitolewa ghafla jua likiwaka, volti hupanda. Paneli iitwayo ya volti 12 hufika 21 au 22 isipokuwa na mzigo. Kwa hiyo wakati wa kurudisha, betri hutangulia, paneli hufuata.

Kisha akachukua mita. Juu ya nyumba kulikuwa na paneli mbili za wati 550, zimeungwa kwa mfuatano. Upande wa kontrola mita ilisoma sufuri. Upande wa nyaya zinazoshuka kutoka kwenye mabati ilisoma volti 97, na swichi imeshushwa! “Hizi hazilali mpaka jua lilale,” akaniambia. Hata mawingu ya Julai hapa Kitui hayasaidii: hupunguza ampea, lakini volti hubaki karibu zile zile.

Kinachonitia hofu zaidi ni cheche. Umeme wa stima hupita sufuri mara 100 kila sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa sola hauna pumziko. Ukichomoa kiungio cha MC4 cha nyaya za paneli umeme ukipita, cheche huendelea kuwaka na kuyeyusha plastiki, vidole vikiwa papo hapo. Swichi ya kawaida ya stima haiwezi kazi hii. Inatakiwa iliyotengenezewa umeme wa moja kwa moja.

Tangu kanuni za mwaka 2012, fundi wa sola Kenya anatakiwa kuwa na leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Muulize, na umdai swichi hiyo kabla hujanunua runinga kubwa. Kama nyumba yako haina, kazi ya betri isubiri giza.

Fundi alifunga ncha za nyaya kwa tepu, moja moja, akaingiza betri mpya, akainua swichi, akawasha inveta. Friji ikanguruma.