Wembe Upi? Uhakiki wa Karatasi Moja ya Maelezo

Karatasi tunayoihakiki hapa ni ndogo, haizidi upana wa viganja viwili, nayo hukunjwa mara nne ndani ya kisanduku cha chombo cha kunyolea ndevu. Imeandikwa kwa lugha tano, na ya mwisho ni Kiswahili. Tuliletewa na mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Kemambo, wilayani Tarime, ambaye aliombwa na kinyozi wa jirani amsomee maelezo hayo. Mwalimu alisoma. Maneno yote aliyafahamu, ila alichotakiwa mtu akifanye hakukifahamu. Kinyozi, baada ya kusikiliza kwa subira mpaka mwisho, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, wembe upi?"

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jarida la istilahi lina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko ndevu. Hatukubaliani nao. Istilahi za sheria, za tiba na za utawala hupitiwa na kamati kabla ya kutolewa. Ndiyo kazi ambayo Baraza limekuwa likiifanya tangu lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Karatasi za namna hii hazipitiwi na mtu yeyote, ilhali msomaji wake huisoma akiwa ameshika kitu chenye makali karibu na koo lake, au la mteja wake.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe. Mwaka 1901 Mmarekani King C. Gillette aliomba hataza ya chombo cha kunyolea chenye wembe mwembamba usionolewa, ambao ukiisha makali hutupwa na kuwekwa mwingine. Hataza hiyo aliipata mwaka 1904. Wembe hulazwa juu ya kitako, hufunikwa kwa kifuniko, kisha vyote hukazwa kwa mpini. Pembeni mwa kitako pana ukingo unaotangulia makali na kuizuia ngozi isiingie ndani mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Gillette ilitoa aina yenye pete ya nambari shingoni, kuanzia 1 hadi 9. Pete ikizungushwa, pengo kati ya makali na ukingo huongezeka au hupungua, na kwa hiyo mtu mwenye ndevu ngumu na mwenye ngozi laini huweza kutumia chombo cha aina moja. Wembe wenyewe una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Katika vipimo vidogo hivyo, wembe ukikaa upande kidogo tu, upande mmoja wa chombo utanyoa kana kwamba umewekwa nambari ya juu, na wa pili utapita juu ya ndevu bila kuzikata.

Sasa tuitazame karatasi. Sentensi yake ya kwanza humpongeza mnunuzi kwa kuchagua "wembe wa usalama unaorekebishika". Hatujavuka mstari wa kwanza, na tayari tuna matatizo matatu.

"Wembe wa usalama" ni tafsiri ya neno kwa neno, na msomaji wa Tanzania atadhani wembe huo una mwajiri. Kinachokusudiwa ni kwamba makali yamewekewa kinga. "Unaorekebishika" ni kosa kubwa zaidi. Kitu kinachorekebishika, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kitu kilichoharibika ambacho bado kinaweza kutengenezwa. Mwalimu wetu alidhani kwamba wembe ukiwa butu hutiwa makali upya, na kwamba ndiyo maana chombo kina bei kubwa. Mfasiri alikuwa na njia rahisi mbele yake: chombo kina nambari, basi ni chombo chenye nambari, au chenye vipimo. Lakini alikuwa akitazama neno la Kiingereza, chombo hakukitazama.

Tatizo la tatu ndilo la kinyozi. Neno wembe ni letu kabisa, la asili ya Kibantu; Wanyarwanda nao husema urwembe. Zamani lilikuwa jina la chombo kizima, kwa kuwa chombo kizima kilikuwa chuma kimoja kilichonolewa. Chombo cha Gillette kilipofika, neno liligawanyika bila mtu kuligawa. Dukani, mtu akisema "nipe wembe", hupewa kile kijani chembamba cha chuma kilichofungwa kwa karatasi. Wengi huita kiwembe. Mfasiri wa karatasi hii ameliita wembe lile jani, akakiita wembe chombo kizima, na mahali pawili ameyaita wembe hata makali yenyewe. Anaagiza: "Osha wembe", "Kausha wembe", "Geuza wembe". Wembe upi?

Tuchukue agizo la kugeuza, kwa kuwa ndilo lenye madhara. Sehemu ya pili ya karatasi hufundisha jinsi ya kutafuta kasoro. Mnunuzi anaambiwa akitazame kichwa cha chombo kwa upande wa ncha, aone kama makali ya kulia na ya kushoto yametokeza sawasawa. Yasipolingana, alegeze mpini, ausogeze wembe kwa kuushika ncha zake fupi zisizo na makali, kisha akaze tena. Mpaka hapo ni ushauri mzuri. Ikiwa kasoro ingalipo, anaambiwa: "Geuza wembe na uangalie tena." Maana yake ya kweli ni hii: litolewe lile jani peke yake, ligeuzwe ili upande wa kulia uwe wa kushoto, kisha lirudishwe huku kifuniko na kitako vikibaki vilivyokuwa. Upande uliotokeza ukihama pamoja na wembe, basi kasoro ni ya wembe, utupwe. Usipohama, kasoro ni ya kichwa: pengine pana utando wa sabuni uliokauka chini ya wembe, pengine kifuniko kimepinda kwa kuangushwa sakafuni. Ni jaribio rahisi lisilohitaji kifaa chochote. Lakini kinyozi aliyeambiwa "geuza wembe" alikigeuza chombo kizima mkononi mwake, akaona kwamba kasoro imehama, akatupa wembe mzima. Akaweka mwingine. Akatupa na huo. Alitupa nyembe nne kabla hajamwita mwalimu, na kifuniko chake kilichopinda kiliendelea kukaa palepale.

Hasara ya nyembe nne si kubwa. Kuna hasara nyingine inayotokana na neno hilohilo, na hiyo haimo katika karatasi ya mnunuzi bali katika mafunzo ya afya. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wananchi wameambiwa mara nyingi kwamba wasichangie nyembe. (Kitenzi kuchangia tunakiacha kwa siku nyingine, ingawa tungependa kujua ni lini kilianza kumaanisha watu wawili kutumia kitu kimoja.) Kinyozi mwaminifu hulitii agizo hilo: kila mteja humfungulia wembe mpya mbele ya macho yake. Kitako, kifuniko na ukingo, ambavyo vimeguswa na damu ya mteja aliyetangulia, havibadilishwi wala havitakaswi, kwa sababu hivyo si wembe. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 na zaidi. Kemambo iko upande wa Nyamongo, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, na wateja wa kinyozi huyo ni Wakurya, Wajaluo, Wasukuma na watu wa mikoa mingine waliofuata kazi. Wengine huvuka Mto Mara kutoka wilaya ya Serengeti siku za gulio. Kinachowaunganisha katika kiti hicho ni Kiswahili. Agizo likiwa na utata katika Kiswahili, hawana lugha ya pili ya kukimbilia ili waelewane.

Turudi katika karatasi. Kichwa cha sehemu tuliyoieleza ni "Mpangilio wa Wembe". Neno mpangilio hufaa pale panapokuwa na vitu vingi vya kuwekwa kwa utaratibu, kama vile madawati darasani au majalada ofisini. Wembe mmoja haupangwi. Tulipokuwa tukilitafutia jina badala yake, tulifikiria ulalo, tukafikiria usawa, tukabishana kwa muda usio mfupi. Kisha tukakumbuka kwamba kinyozi alikwisha kulisema jambo hilo bila kulitafutia jina: "Umekaa upande." Kofia hukaa upande, mlango hukaa upande, na wembe vilevile. Mfasiri anapoona jina katika lugha ya asili hudhani kwamba hana budi kutoa jina katika Kiswahili, na hapo ndipo tunapopata misamiati mizito isiyosemwa na mtu. Kichwa "Wembe Usipokaa Sawa" kinatosha, na hakihitaji kamati.

Sehemu ya tatu inahusu kile ambacho mfasiri amekiita "mburuto". Hatulikatai neno hili katika fizikia. Kidevuni, hata hivyo, limefunika kasoro tatu ambazo vinyozi huzitenga, na kila moja ina jina lake. Wembe ukikamata unywele bila kuukata, husema unavuta. Ukikata ngozi pamoja na unywele na kuacha wekundu, husema unakwaruza. Usipoteleza vizuri bali ukadundadunda juu ya ngozi, husema unaruka. Dawa zake hazifanani. Wembe unaovuta aghalabu ni butu, au nywele ni kavu: abadilishe wembe, alowanishe ndevu kwa maji ya moto na sabuni. Wahenga waliosema kwamba ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji, walikuwa wakitoa maelekezo ya ufundi kabla ya kutoa methali. Unywele uliolowa hulainika na kukatika upesi. Wembe unaokwaruza huenda umewekewa nambari kubwa kupita kiasi, au mkono unaukandamiza: apunguze nambari, auache uzito wa chombo ufanye kazi. Wembe unaoruka aghalabu haukukazwa vyema, au umesimamishwa mno badala ya kulazwa: akaze mpini, alaze chombo mpaka makali yainamie ngozi kwa nyuzi 30 hivi.

Karatasi inasema nini juu ya yote hayo? "Mburuto ukizidi, punguza kipimo." Basi. Mwenye wembe butu unaovuta akilitii agizo hili atapunguza pengo, wembe utakata kidogo zaidi, naye atalazimika kurudia mahali palepale mara tatu na nne, kila mara akikandamiza zaidi. Mwisho wake ni damu. Hapa mfasiri hakukosa neno. Alikuwa na maneno matatu mazuri midomoni mwa vinyozi, akayaacha yote akachukua moja la kitabuni. Kwa maoni yetu, anayefasiri maelezo ya chombo angeanza kwa kuuliza jinsi kinavyoharibika, kwa kuwa mafundi hawatoi majina ya bure: wametenga kuvuta na kukwaruza kwa sababu mkono hutakiwa kufanya mambo mawili tofauti.

Mapendekezo yetu ni machache. Wembe libaki jina la jani lenye makali, kama linavyotumika dukani, na wingi wake uwe nyembe. Kiwembe tusilifukuze, bali tuliache katika mazungumzo. Sehemu za kichwa ziitwe kifuniko, kitako na kinga, majina ambayo hayahitaji kufundishwa. Chombo kizima ndicho kilichotusumbua. Mmoja wetu alipendekeza kishikawembe, tukamsihi aliondoe. Mashine ya kunyolea husemwa na wengi, lakini kwa kinyozi wa leo mashine ni ile ya umeme. Tumependekeza kinyoleo, kwa mfano wa vifaa vingine vilivyopata majina yao kutokana na vitenzi. Kwa hiyo bango la afya lingeweza kusema waziwazi: kila mteja na wembe mpya, na kinyoleo kitakaswe kabla hakijamgusa mwingine.

Kwa maneno hayo tuliiandika upya karatasi nzima, na mwalimu akaenda kuisoma tena pale kibandani. Kinyozi alitoa wembe, akaugeuza peke yake, akatazama, akacheka, akakitupa kifuniko kilichopinda. Kinga alilikubali. Kinyoleo alilikataa. Alisema yeye atakiita mashine kama siku zote, na ile nyingine ataiita ya umeme, wala hakuna mteja atakayechanganyikiwa. Tumeliacha neno kinyoleo katika mapendekezo yatakayopelekwa kamatini, na pingamizi lake tumeliandika kando yake.