Kisanduku Kikishafunguliwa

Mpwa wangu ana miaka saba. Mwezi uliopita nilimnunulia kisanduku cha Labubu Kariakoo, cha bandia bila shaka, kwa bei ile. Alikitikisa, akakitegea sikio, akakichana. Akatoka mwanasesere wa manyoya ya kijivu mwenye meno kama msumeno.

"Mjomba, mimi nilitaka wa pinki."

Dakika tano baadaye mwanasesere alikuwa chini ya kochi, na mwenyewe ananiuliza tutarudi lini dukani. Sikumlaumu. Alikitumia kisanduku vilevile kilivyokusudiwa.

Labubu alizaliwa mwaka 2015 katika vitabu vya picha vya Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi. Humo alikuwa na wenzake na visa vyake. Mwaka 2019 akaingia mikononi mwa kampuni ya Kichina, Pop Mart, inayouza wanasesere ndani ya visanduku ambavyo mnunuzi haoni kilichomo. Siku hizi kisa chake ni kimoja tu: nani kampata, nani kamkosa. Na kwenye seti huwa yupo mmoja wa siri, adimu kuliko wote. China yenyewe, mwaka 2023, ilitoa mwongozo unaokataza visanduku vya aina hii kuuzwa kwa watoto walio chini ya miaka 8.

Mwaka 1957 Roland Barthes alilalamika kwamba vitu vya kuchezea vya Ufaransa vinamfanya mtoto awe mmiliki na mtumiaji, si muumbaji. Walau mtoto wake yule alinunuliwa kitu ndipo akaanza kucheza. Huyu wetu anamaliza kucheza pale anapokichana kisanduku.

Najua mtasema naanza habari za magari ya waya. Ni kweli, tuliyatengeneza, lakini kwa sababu hatukuwa na kingine. Tena "sisi" maana yake wavulana. Dada yangu, mama wa huyu mtoto, alikuwa na mdogo wetu mgongoni wakati tunakunja waya. Sizililii siku zile.

Ninachokumbuka ni kwamba gurudumu la kandambili likichomoka, ulijua kosa ni lako, na namna ya kulirekebisha unayo. Ukikosa bahati kwenye kisanduku, hakuna cha kurekebisha. Unanunua kingine. Hilo ndilo somo ambalo mtoto wa miaka saba analielewa kwa dakika tano, na hakuna aliyemfundisha ila kisanduku na mjomba aliyelipa.

Nilitaka kumwambia hivyo jioni ile, nimkalishe nimweleze. Lakini simu ikaita mfukoni. Mkeka wangu wa mechi saba ulikuwa umechanika mechi ya kwanza tu.

Nikaweka mwingine.