«Katanga Business»: filme nzuri, lakini shamba liko wapi?

Juma hii nimeangalia tena «Katanga Business», filme ya Mbelgiji Thierry Michel, ya mwaka 2009. Ni kazi nzuri, sikatai. Kamera inaingia mahali sisi hatuingii: inamfuata Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wakati ule, inamfuata mfanyabiashara George Forrest, inamfikia hata Paul Fortin, aliyekuwa mkubwa wa Gécamines wakati ule. Wachimbaji wa mikono nao wamo, wanadai mahali pa kuchimba.

Shida yangu nayo njo hii: wakubwa wana majina na maneno, batu wa chini wako kundi tu. Ugomvi wote unakuwa juu ya nani achimbe. Yule mwenye kulima, asiyetaka mtu yeyote achimbe pale, karibu hana nafasi.

Kwa nini inaniuma? Wakati wa staji yangu, kampuni moja ilinituma kuhesabu mimea katika kijiji kilichotakiwa kuhama. Fomu ilikuwa na safu ya mihogo, ya mahindi, ya miti ya maembe. Mama mmoja akanionyesha pori la miti midogo, akaniuliza: «Mwana yangu, na kule utaandika nini?» Lilikuwa shamba lake, amelipumzisha miaka ili udongo urudishe nguvu. Humo alipata kuni, uyoga na vinkubala. Fomu haikuwa na safu ya shamba lenye kupumzika. Mambo ya kupumzisha udongo nilisoma mimi mwenyewe, mtihani nilipita. Na bado niliandika sifuri. Mama akakataa kutia kidole, majirani nao wakakataa.

Kukataa kwa namna ile hakuna kelele wala mawe, kwa hiyo kamera inakupita. Lakini ugomvi wenyewe uko pale. Kwenye ramani ya kampuni ni mahali patupu. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya Leta. Kwa yule mama, ni chakula cha miaka yenye kuja.

Basi iangalieni filme hii, inafundisha vizuri namna pesa ya shaba inavyotembea. Ila kila mara mkiona pori pembeni ya karière, mujiulize: nani alikuwa anapumzisha udongo huu? Hasa sisi wa agronomia, tusingojee mama atuulize.