Kulisha Maji

Anayefuga sato bwawani ni mkulima kabla ya kuwa mfugaji. Zao lake la kwanza ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ile inayoyapa maji rangi ya kijani. Samaki huja kuivuna. Mimea hiyo inataka naitrojeni na fosforasi kama mahindi yanavyotaka, na kwa Mkurya wa kijiji cha Matongo mbolea imejaa zizini.

Samadi haimwagwi ovyo. Hutengewa kona ya bwawa kwa uzio wa fito, ikaachwa ichuje polepole, ikikorogwa mara kwa mara. Jua likiwaka siku kadhaa, maji hubadilika. Hapo huja kipimo ninachokipenda kuliko vyote: mkono. Unauzamisha wima, kiganja umekikunja kitazame juu, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea hapo, bwawa limeshiba. Kikionekana bado, ongeza samadi. Kikipotea maji yakiwa hata nusu ya kigasha hayajafika, usitie tena. Na hakikisha kinachokificha ni ukijani; tope halimlishi samaki.

Kuacha ndiko kugumu, na ndiko kunakomtambulisha fundi. Mchana mimea hutoa oksijeni, usiku huivuta. Bwawa lililovimbiwa utalijua alfajiri: samaki wamejaa juu, vinywa wazi, wanatafuta hewa.

Mto Mara, jirani wa Matongo, unalishwa vivyo hivyo bila mtu wa kupima. Viboko wake zaidi ya 4,000 huutilia kila siku takriban kilo 8,500 za majani yaliyomeng'enywa nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba madimbwi yao huishiwa oksijeni maji yanapopungua, kisha mvua ikiyasukuma, samaki walio mbele kwenye mkondo hufa kwa wingi. Samadi ile ile inayootesha ndiyo inayoua. Kati ya mavuno na maafa, bwawani, pana macho ya mtu na mkono wake tu, na ndiyo maana nauheshimu ufundi huu kama ninavyouheshimu wa mhunzi.

Mkono, hata hivyo, hauoni zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu. Ndugu yangu unayeishi karibu na machimbo ya dhahabu, kabla hujachimba bwawa mwone ofisa uvuvi, maji yako yapimwe maabara. Yakiwa salama, ndipo ufungue zizi.