Makande Katika Mchezo wa Kompyuta

Kwamba mchezo humfundisha mtoto si jambo geni. Watoto wamekuwa wakipikapika kwa mchanga na majani tangu kabla ya kuwako shule. Lililo jipya ni chombo chenyewe. Siku hizi wenye kuyajali mapishi ya wazee hushauri kwamba elimu hiyo itiwe katika michezo ya kompyuta na ya simu, kwa kuwa huko ndiko waliko vijana. Ushauri huo wastahili kupimwa, wala si kupokewa au kukataliwa kwa pupa. Na kipimo chema ni chakula kimoja cha mahali pamoja, yaani makande ya Upare.

Mfano bora wa mchezo wa namna hiyo ni Venba, uliotolewa mwaka 2023 na Visai Games ya Toronto, nchini Kanada. Hadithi yake ni ya familia ya Watamil waliohamia Kanada katika miaka ya 1980. Mama anacho kitabu cha mapishi alichoachiwa na mamake. Kitabu kimeraruka na maandishi yake yamefutika, hata mchezaji hana budi kukisia mistari iliyopotea ili chakula kipikike. Mtoto naye hukua akijitenga na lugha ya wazazi wake. Hapo watungaji wameona kweli kubwa: mapishi hupotea pamoja na maneno yake, na anayerithi hupokea vipande, wala si kitu kizima. Mchezo wa maswali na majibu tu usingaliweza kulionyesha jambo hilo.

Hata hivyo, Venba una upungufu. Kosa ndani yake halina gharama. Mchezaji akikosea hurudia. Hapana kuni zilizoteketea bure, wala mtu aliyelala na njaa. Tena vyakula vimekwisha kupangwa mezani, isijulikane ni nani aliyevilima. Kwa wahamiaji wa mjini labda ndivyo yalivyo maisha. Lakini mtungaji atakayeuiga mfano huo kwa ajili ya vijana wa Same atakuwa ameiacha nje sehemu kubwa ya somo lenyewe.

Makande ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na mara nyingi mahindi hukobolewa kwanza kinuni. Katika utani, Mpare hatajwi bila makande. Chungu chake hukaa motoni kwa saa nyingi, na saa hizo ni sehemu ya elimu: kuchochea kuni, kuongeza maji, kujua kwa kubonyeza punje kama imeiva. Mchezo ukizifupisha ziwe nukta chache, umefundisha jina la chakula, haukufundisha chakula.

Nyuma ya chungu kuna maji. Uwanda wa Same ni mkavu, hali milima iliyo juu yake hupata mvua zaidi. Wapare walilijibu tatizo hilo kwa ndiva, yaani bwawa dogo ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku. Kukicha hufunguliwa, yakafuata mifereji hadi mashambani kwa zamu. Hapa pana mchezo uliokwisha kutungwa na wahenga. Wa juu akichukua kupita haki yake, chungu cha wa chini hakitateleka. Hesabu ya zamu, kiasi na matokeo kompyuta huionyesha vyema kuliko kitabu. Ladha na harufu haiwezi kabisa. Mtungaji mwenye busara atakifanyia kazi kile ambacho chombo chake chakiweza.

Neno nalo lataka uangalifu. Husemwa sana “chakula cha asili”. Lakini mahindi na maharage hayo asili yake ni bara la Amerika, nayo yalifika Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kuanza safari zao. Mchezo utakaodai kwamba makande yamekuwako Upare tangu mwanzo wa dunia utafundisha uwongo. Neno “urithi” ni bora zaidi, kwa sababu halidai ukale usio na mwisho. Ladai mtu aliyetoa na mtu aliyepokea.

Kabla ya kutunga, yapasa kuorodhesha. Nchini Kenya, kazi ya kuhifadhi vyakula vya kienyeji, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 miongoni mwa mifano bora ya uhifadhi, ilianza kwa utafiti, na mimea ipatayo 850 iliandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Upare wahitaji kazi kama hiyo katika Chasu, na Kiswahili kiwekwe kando yake, kisikikalie kiti chake. Mchezo uliotungwa kwa Kiingereza na kutiwa neno “makande” kama pambo utakuwa umeyaendeleza yale yale ambayo Venba unayaombolezea. Wala Kiswahili si fukara wa lugha ya mchezo: bao lina “kula”, “nyumba” na “mtaji”, maneno ya maisha ya kila siku ambayo mchezaji huyatumia bila kufasiriwa.

Basi ushauri wa kutumia michezo hiyo wakubalika, kwa sharti moja: mchezo usijifanye kuwa ndio jiko. Thamani yake itajulikana simu ikisha kuzimwa. Kijana atakayemwendea bibi yake na kumwuliza kwa nini mahindi hukobolewa kabla ya kupikwa, huyo amefundishwa. Atakayeridhika na alama alizotunukiwa amecheza tu. Na bibi huyo akifariki, hapatakuwa na pa kurudia kama mchezoni.