Amri za Kijeni Zinazojenga Misuli ya Uso

Misuli ya uso, ile inayofumba macho na kukaza midomo ya mtoto anaponyonya, haina asili moja na misuli ya mikono na miguu. Kiinitete cha binadamu, yaani mimba changa, kinapofikisha wiki 4 huota vivimbe kandokando ya shingo vinavyoitwa matao ya koromeo, na seli za tao la pili ndizo husambaa chini ya ngozi hadi kwenye paji na mashavu, zikiuburuta nyuma yake mshipa wa fahamu wa uso.

Kwamba seli za kichwani zina amri zao za kijeni lilithibitishwa mwaka 1997 na watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, kwa njia ya kuondoa. Walizalisha panya wasio na jeni mbili, Pax3 na Myf5, ambazo huamsha MyoD, jeni inayoiagiza seli iwe msuli. Na mahali pa Myf5 walipachika jeni ya bakteria inayoifanya seli igeuke buluu ikitiwa dawa, ili zile zilizokosa amri zifuatiliwe zilikoelekea. Panya hao walikosa misuli ya kiwiliwili, ilhali ya kichwa ilijijenga. Mwaka 2004 ilionekana kwamba kichwani jeni Tbx1 ni miongoni mwa waamrishaji, kwani ilipoondolewa, misuli ya tao la kwanza ilianza kwa kubahatisha, mara nyingi upande mmoja tu.

Utafiti wa mwaka 2016 uliopima nyuso za watoto na vijana wa Mwanza ulizihusisha jeni SCHIP1 na PDE8A na ukubwa wa uso. Ni kazi ya thamani kubwa, ila ilipima umbo la nje, wala si misuli, na mawili hayo yasichanganywe.

Kwa binadamu TBX1 imo katika kipande cha kromosomu ya 22, na mtoto aliyezaliwa bila kipande hicho huweza kuwa na uso ulionyooka anapolala, lakini akilia pembe moja ya mdomo ikashuka na nyingine ikabaki palepale. Kwa kuwa misuli ya uso na sehemu ya misuli ya moyo huchipuka katika eneo moja la kiinitete, basi kwa daktari wa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, na kwa tabibu wa zahanati ya huko juu migombani, kilio kilichopinda ni sababu tosha ya kuusikiliza moyo wa mtoto siku hiyohiyo, hata kama mama yake amemleta kwa kikohozi.